Tundu la Sita

Tundu la sita halikuwa na waya, lakini taa yake ilikuwa inawaka.

Ndivyo ilivyoanza, na wala hatukuogopa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa nane, upepo wa kiangazi unapuliza vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Mume wangu Mathias alikuwa fundi wa sauti, na mimi nilikuwa mpishi katika hoteli hiyohiyo aliyopewa kazi, na mtoto wetu Damas, miezi saba, nilikuwa naye mgongoni kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwachia. Mwenye hoteli, Mzee Emilian, hakunikataza. Hoteli yake iko pembeni ya mji wa Tabora, upande wa machweo, palepale ilipopita ile njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji. Ukichimba shimo la choo maeneo yale unatoa shanga, na wakati mwingine unatoa mifupa, na unaifukia haraka bila kumwambia mtu.

Mzee Emilian alikuwa ameleta mashine mpya ya kugawa sauti. Mathias aliniita nije nione, maana alikuwa mtu wa kufurahia kazi yake kama mtoto. Nyuma ya mashine kulikuwa na matundu manane ya kuchomekea vyanzo vya sauti, na kutoka hapo sauti inagawiwa sehemu nne za hoteli: mapokezi, mgahawa, ukumbi wa sherehe na bustani. Aliniambia nichukulie kwamba ni matanki manane na mabomba manne, na yeye ndiye anayeamua bomba lipi linywe kwenye tanki lipi. Nikamuuliza mbona jikoni hamna. Akacheka, akasema Mzee amekataa, eti wapishi wakisikia muziki wanaunguza wali.

Redio aliichomeka tundu la kwanza. Kompyuta ya muziki la pili, maiki ya mapokezi la tatu, maiki ya mshereheshaji la nne, televisheni la tano. Matundu matatu yalibaki matupu, ila hilo la sita taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa kuonyesha kwamba kuna sauti inaingia. Mathias akaielekeza sauti hiyo kwenye spika ndogo ya majaribio iliyokuwa mezani, humo humo kwenye chumba chake. Kikatoka kilio chembamba. Kinapanda, kinashuka, kinakatika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kinaanza tena.

Sixbert, mhudumu wa mgahawa, alikuwa ameleta chai. Alitega sikio, akasema, "Fundi, hilo linalilia titi. Mwachie Mama Damas."

Tulicheka sote watatu. Kisha Mathias akafanya jambo ambalo mtu wa kwetu angeweza kulifanya kwa mzaha, na mtu wa kwingine lisingempitia akilini. Kwetu Unyamwezini mtoto mchanga akilia siku mbili tatu na homa hana, wazee wanakaa wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine, taratibu. Jina atakalonyamazia ndilo lake. Ina maana marehemu yule alikuwa anataka kukumbukwa, amekumbukwa, basi. Na ile mashine nayo ilikuwa inagoma kuhifadhi mipangilio mpaka kila tundu lenye sauti liandikwe jina. Kwa hiyo Mathias akaweka vidole kwenye kompyuta, akawa anaandika majina ya kwao huku anayatamka kama babu anayebembeleza. Masanja. Kilio. Mihayo. Kilio. Kasubi, Nyanzala, kilio kilekile, na Sixbert anashikilia mbavu kwa kucheka. Akayamaliza majina yote aliyokuwa anayajua, likabaki moja. Akasita kidogo, akaandika Ngollo.

Kilio kikakatika. Taa ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja.

Mimi niliacha kucheka. Nilipokuwa na mimba mama mkwe aliniita kijijini kwao Usoke, akaniketisha chini, akaniambia mtoto tutampa jina lolote la ukoo isipokuwa hilo. Ngollo alikuwa kirangozi, yule mtu wa mbele anayeongoza msafara na kuwaamsha wapagazi wachukue mizigo. Mama mkwe alisema tajiri wake alimpa jini la kufukuza usingizi na huruma, ili mpagazi yeyote asitoroke njiani, na tangu siku hiyo Ngollo hakuwahi kurudi nyumbani. Alikuwa anawapiga wanaochoka. Na wanawake waliofungwa kwenye msafara wakiwa na watoto, wakishindwa kubeba mzigo na mtoto kwa pamoja, yeye ndiye aliyekuwa akichagua kipi kitupwe. Hakuchagua mzigo hata mara moja. Ukoo ulikaa, ukakubaliana kwamba jina lake halitarithiwa, asipate pa kurudia.

Nikamwambia Mathias kwa sauti ya chini, maana mbele ya Sixbert sikutaka kumfokea mume wangu, "Baba Damas, futa hilo jina."

"Mashine siyo mtoto, mke wangu," akasema. Akabonyeza kuhifadhi.

Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na sendofu. Watu mia mbili na zaidi, wamependeza, kina mama wamevaa sare ya zambarau. Asubuhi alikuja Bibi Limbu, mama wa Sikonge anayetuletea asali ya porini, mzee ambaye watu wanamjua kwa asali na wanamjua pia kwa ufumu, uganga wa kwetu, ingawa hilo la pili wanalisema kwa kunong'ona. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni anavuta hewa puani.

"Nani anasafiri hapa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna anayesafiri, kuna binti anaagwa. Akatikisa kichwa. Alisema ananusa ngozi mbichi na jasho la watu wengi. Kisha akanishika bega, akanigeuza, akalitazama fundo la khanga lililoshikilia Damas, akaniambia nifunge mafundo mawili, tena nikaze. Nilifunga kwa heshima tu. Nilidhani ni mambo ya wazee. Akakaa kwenye kigoda akaanza kuchuja asali, na hakuondoka.

Saa tisa alasiri, jua bado kali, milango yote wazi, mshereheshaji anataja majina ya wajomba, ile harufu ikaingia kupitia dirisha la kupitishia vyakula. Sasa na mimi niliinusa. Ngozi mbichi, vumbi, jasho lililochacha, na chini yake udi, kama mtu amefukiza kwenye kidonda. Halafu zikasikika njuga. Zilitoka mapokezi, upande wa pili kabisa wa jengo, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea na wala hana haraka. Ikaja sauti ya mwanamume. Haikuwa kubwa. Ilisema, "Haya, mizigo. Jua limepanda."

Nilichungulia kwenye ukorido. Advera, dada wa mapokezi, msichana mwembamba ambaye hata ndoo ya maji alikuwa anaomba asaidiwe, alikuwa ameinuka. Aliing'oa ile meza ya mbao ya mapokezi pamoja na kila kilichokuwa juu yake, akajitwisha, akaanza kutembea kuelekea bustanini. Uso wake haukuwa na kitu. Shingo ilikuwa inatetemeka, mishipa imesimama kama kamba, na mguu wake mmoja ulikuwa umekanyaga kioo na haukujali.

Njuga zikahamia mgahawani. Watu waliokuwa wanakula waliacha kula. Mmoja alibeba friji ya soda na mwingine kiti ambacho mama yake mwenyewe alikuwa bado amekikalia. Sixbert alikuwa ameshika sinia, akaliacha lianguke, akainua mtungi mkubwa wa gesi, akauweka begani, akapiga hatua kama sita hivi, magoti yakamlegea akautua. Alinitazama. Nadhani kwa kitambo kidogo alikuwa yeye, Sixbert wa mizaha. Kukasikika mlio mkavu hewani na shati lake likapasuka mgongoni kutoka bega hadi kiunoni, na nyama chini ya shati nayo ikapasuka, halafu mlio wa pili, wa tatu, wa nne, na hakuna mtu aliyekuwa nyuma yake, hakuna kiboko, hakuna mkono, ni mgongo tu wa Sixbert unafunguka mistari kwa mistari kama samaki anayechanjwa kutiwa chumvi. Alianguka kifudifudi akijaribu bado kuukumbatia ule mtungi. Mlio haukuacha mpaka mtu aliyelala pale hakuwa na mgongo tena.

Mathias alitoka mbio kwenye chumba chake, kile kilicho kati ya jikoni na ukumbi, chenye kioo kikubwa cha kuutazamia ukumbi. Chumbani humo ile spika ndogo alikuwa ameiondolea sauti tangu ile Ijumaa, kwa hiyo yeye alikuwa salama kama tulivyokuwa salama sisi wa jikoni. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alininong'oneza kwamba ameng'oa waya wa umeme na mashine bado inaongea, kwamba tundu la sita linajipangia lenyewe, limeshakula mapokezi, limekula mgahawa, sasa linaingia ukumbini, na kila anapolifuta lile jina linajiandika upya. Bibi Limbu akamwambia jina likishapokelewa halifutwi. Mathias akamuuliza basi afanye nini. Yule mzee alimtazama yeye, akamtazama na mtoto mgongoni kwangu, na mume wangu akageuka akarudi chumbani.

Nilipaswa kubaki jikoni. Ningebaki, kama nisingesikia watoto wanalia.

Ukumbini sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito, imejaa spika zote kumi na mbili, na ilikuwa inasema, "Mwenye mtoto atue mtoto. Atue mtoto, achukue mzigo." Na kina mama wa sare ya zambarau walikuwa wanatua. Walikuwa wanawaweka watoto wao sakafuni bila kuwatazama, wanainua meza, majagi, keki, viti vitano vitano, wanaingia kwenye mstari, na bibi harusi na gauni lake yuko mbele amebeba jenereta lililokuwa nje, damu inamtoka puani inadondokea kwenye shela, na wajomba wanakanyaga, na babu mmoja ambaye hakuweza kunyanyua kitu alikuwa amelala chini anachapwa na hewa, na katikati ya ile miguu yote kulikuwa na watoto watatu wanatambaa wanatafuta mama zao. Nilikimbia nikaingia, sikufikiri, nikamnyakua mmoja nikamsukumia chini ya jukwaa, nikamnyakua wa pili, na hapo ndipo ile sauti iliponiingia, na haikuingia masikioni, iliingia kwenye mifupa ya mikono, nikaona mikono yangu mwenyewe inapanda kifuani na vidole vyangu vinaanza kufungua fundo la khanga.

Nilikuwa naviona. Nilikuwa naviambia viache na havikuacha, fundo la kwanza likafunguka, Damas akateleza kidogo mgongoni, akacheka, alidhani namchezea, na vidole vikaingia kwenye fundo la pili, lile la Bibi Limbu, lilikuwa limekazwa, kucha zikawa zinang'oka nikasikia zinang'oka, nikainamisha kichwa nikauma vidole vyangu mwenyewe, nikauma mpaka jino likagonga mfupa, na bado vilikuwa vinacheza humo mdomoni, vinavuta, na mbele yangu kulikuwa na spika kubwa ya besi, ile ambayo vijana wawili huinyanyua kwa kuhema, na nilijua kabisa, kama unavyojua jina lako, kwamba huo ndio mzigo wangu na umenisubiri muda mrefu.

Nikainua macho nikamwona Mathias nyuma ya kioo.

Alikuwa ameinama juu ya kompyuta, ananitazama mimi, anatazama mikono yangu. Baadaye nilielewa alichokiona. Lile jina halikufutika, na lile tundu halikuzimika, lakini bomba la kunywa kwenye tanki hilo bado yeye aliweza kulibadilisha. Palikuwa na bomba moja tu ambalo angeihamishia sauti yote bila kumfikia mtu mwingine, ile spika ndogo ya chumbani mwake. Alikwenda kwenye mlango, akaufunga kwa ndani. Akarudi. Akaninyooshea kiganja, kama mtu anayesema subiri kidogo, na akabonyeza.

Ukumbi ukanyamaza. Watu mia mbili waliachia mizigo kwa pamoja na mizigo ikawaangukia miguuni, ndipo mayowe yalipoanza. Vidole vyangu vikarudi kuwa vyangu. Nilianguka nikiwa nimemgeuzia Damas kifuani, lakini macho sikuyatoa kwenye kioo, kwa sababu kule ndani kile kispika kidogo cha mezani kilikuwa kimeanza kutikisika na mume wangu alikuwa amesimama wima mbele yake, peke yake, anayasikiliza maneno yaliyokuwa yametosha watu mia mbili. Shati lake lilipasuka mara moja. Kioo kikapigwa na damu kwa ndani, mstari mrefu wa kushoto kwenda kulia, halafu mwingine. Halafu akatoka. Hakufungua mlango, alipita kwenye kioo, kikavunjika juu yake na vipande vikabaki vimemsimama usoni na mabegani. Akapita mbele yangu kama mita moja. Akainua ile spika ya besi kwa mikono miwili, akaituliza kichwani, na shingo yake ikalia, na akaanza kutembea kuelekea magharibi. Njuga zilikuwa zinalia miguuni mwake na miguuni hakuwa amevaa kitu.

Nilitaka kumfuata. Bibi Limbu alinikamata khanga kwa nyuma na yule mzee ana nguvu.

Benjamini, dereva wa Mzee Emilian, alimfuata na gari. Alimpata kwenye reli, akashuka, akaishika ile spika amsaidie kuitua. Mikono yake yote miwili ilivunjika chini ya kiwiko, papo hapo, na Mathias hakupunguza mwendo. Waliokuja kuandika habari za siku ile waliandika kwamba watu wanne wamekufa katika mkanyagano.

Bibi Limbu alisema Mathias anapelekwa Usoke. Kirangozi hakuwahi kufika kwao, ndiko anakojaribu kwenda, na mwili wa mjukuu ndio miguu aliyoipata. Akanieleza jambo moja, akalirudia mara nyingi tukiwa njiani kwenye gari, mpaka nikamwambia bibi nimesikia. Kwetu mtu akionekana anakuja na mzigo, unamkimbilia, unampokea. Ukimwacha aje autue mwenyewe umemtukana. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Na jini lile lilikuwa linaishi kwa adabu hiyo, alisema, kwa sababu mzigo wake ukipokelewa na mtu, yeye anahamia kwa aliyepokea, na msafara unaendelea. Akiutua mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya watu wake, amefika. Asipokewe. Hata akilia. Na hasa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mtoto mgongoni, na huyo kirangozi anawajua wanawake wenye watoto mgongoni.

Tulimsubiri siku mbili. Ukoo mzima ulikaa pembeni ya barabara ya vumbi, karibu na mabani ya kukaushia tumbaku, na Bibi Limbu akawaambia wachimbe shimo katikati ya njia, refu kuliko mtu. Jumatatu saa kumi alasiri mbwa walianza kulia, na tukanusa ngozi mbichi.

Alitokea kwenye kona. Sikumtambua kwa sura, nilimtambua kwa suruali. Nyayo zilikuwa zimekwisha, alikuwa anatembelea kitu cheupe, na nzi walikuwa wamemfunika mgongo kama blanketi jeusi linalopumua. Spika ilikuwa imekaa kichwani wima, haijayumba hata kidogo. Alikuja mpaka ukingoni mwa shimo akasimama.

"Pokeeni," ikasema ile sauti ya kwenye spika, sasa iko kinywani mwake.

Hakuna aliyesogea. Bibi Limbu akapiga hatua moja akamtaja jina, Ngollo, na ukoo wote ukalitaja nyuma yake, wengi kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na wakamwambia kwa Kinyamwezi kwamba amefika kwao, autue mwenyewe. Akasema tena pokeeni, na safari hii miti ya mabani ilipasuka, na mjomba mmoja akashika ubavu akakaa chini anatema damu, lakini watu walisimama mikono nyuma. Akawageuzia uso mmoja mmoja. Akafika kwangu. Alinitazama na vipande vya kioo bado viko kwenye nyusi zake, na mdomo ukafunguka, na iliyotoka ilikuwa sauti ya Mathias, ile ya asubuhi, ya chumbani, ya mtu ambaye hajaamka vizuri.

"Mama Damas," akasema. "Nimechoka. Nipokee."

Mikono yangu ilinyanyuka. Mara hii hakuna aliyeinyanyua, niliinyanyua mwenyewe, maana ni mume wangu, ana mzigo, amenisemesha. Bibi Limbu alinichapa kwenye vifundo vya mikono kwa fimbo yake, akachapa tena, akanishika sikio akaninong'oneza, "Siyo yeye, mwanangu, siyo yeye, usimpokee." Nikashusha mikono. Nikaificha chini ya Damas, mgongoni, nikamshika makalio mtoto wangu kwa nguvu mpaka akalia, nikasimama hivyo, mikono mitupu, mume wangu ananitazama.

Sijui ilichukua muda gani. Akainama polepole, akaishika spika kwa viganja viwili, akaishusha kichwani, akaiachia shimoni. Ilianguka bila mshindo, kama imeanguka kwenye kitu kirefu zaidi ya shimo tulilochimba. Njuga zikanyamaza. Upepo ukaja, ukaichukua ile harufu yote ukaipeleka.

Na mzigo ulipotoka, kichwa cha Mathias kikaanguka kifuani kama ua lililokatwa, akalala chali. Bibi Limbu alimpapasa shingo, akaniambia imevunjika vipande, tena imevunjika tangu Jumamosi, tangu palepale ukumbini alipojitwisha. Ni mzigo tu uliokuwa umeishikilia. Mwili ulikuwa baridi na umeshaanza kuharibika, ameshakufa siku mbili. Kwa hiyo aliyekuita siyo yeye, akasema, tulia, mwanangu, hukumtupa mtu, ungempokea ungemwua mtoto. Walifukia shimo. Ukoo wote umenishukuru, mama mkwe amenipigia magoti, na Damas ni mzima, anatambaa, ana meno manne.

Wote wananiambia maneno hayohayo ya Bibi Limbu, na mimi nawaitikia. Lakini ni mimi niliyemfumba macho pale barabarani, kabla hawajaleta shuka, na maiti ya siku mbili haitoi machozi, na nilipoviondoa vidole vyangu kwenye kope zake vilikuwa vimelowa, na yale maji yalikuwa ya moto.